Mvua haikuvuruga kitu pale Uyole

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu enzi zile likifika Mbeya jioni kwa basi, limelowa pembeni, tukilisoma kwa zamu gereji nzima kabla halijafungiwa maandazi. Sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Wiki iliyopita mlichapa habari fupi kwamba mvua imevuruga maonyesho ya magari ya kifahari Uyole, hapa Mbeya. Habari yenyewe ina aya nne, na ndani yake nimekuta makosa matatu. La kwanza ni hilo neno "kuvuruga". Mwandishi wenu nilimwona kwa macho yangu. Alifika na bodaboda mnamo saa nne na nusu, akapiga picha mbili bila kuvua koti la mvua, akamwuliza mlinzi wa kituo swali moja, akaondoka na bodaboda ile ile. Simlaumu sana, baridi ilikuwa ya kung'ata, na mvua ya Machi ya huku kwetu haina adabu. Ila mimi nilikuwepo tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na suruali yangu ina madoa ya grisi ambayo mama watoto ameshindwa kuyatoa mpaka leo.

Kwa wasomaji ambao hawakuwepo: yalikuwa magari sita ya zamani, yametoka Zambia na Afrika Kusini, yanaelekea kaskazini. Yaliingilia Tunduma siku ya Ijumaa, yakalala Mbeya, na wenyewe wakaelewana na mwenye kituo kimoja cha mafuta pale Uyole wayapange uwanjani kwake Jumamosi ili watu wayaone. Hapakuwa na kiingilio wala spika za muziki, wala mheshimiwa wa kukata utepe. Tangazo lilizunguka kwenye simu za vijana tu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha, akaniambia, "Babu, kuna magari baunsa yanakuja." Niliangalia picha nikacheka. Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli, kwa hiyo kijana hakukosea.

Niseme mimi ni nani, maana barua isiyo na mwenyewe haina uzito. Ni fundi umeme wa magari, mstaafu. Nilianza mwaka 1971, nina miaka kumi na sita, kazi yangu kumshikia fundi taa na kukimbilia chai. Nakaa Mafiati. Wageni wakilisikia jina hilo hudhani ni la Kisafwa. Ni Fiat hizo, yale malori ya Kitaliano yaliyokuwa yakishusha shaba ya Zambia Dar es Salaam na kurudi na mafuta, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na njia ya kusini ikawa ya mashaka. Ndiyo malori niliyojifunzia kazi. Gari la Kimarekani la silinda nane nilikuwa sijaligusa maisha yangu yote.

Sasa mvua. Ilianza saa tatu na robo, ikitokea upande wa Rungwe, ukungu mbele na maji nyuma. Watu wakakimbilia chini ya paa la kituo, na hapo ndipo mwandishi wenu alipowakuta wamejibana akaandika kwamba waliohudhuria ni "wachache". Nina tabia ya gereji ya kuhesabu vitu kabla sijafunga boneti. Walipita mia na ishirini, bila kuhesabu watoto, na watoto walikuwa wengi kuliko wakubwa.

Na nikuambie ukweli, Mhariri, jua lingewaka siku ile tungepita pale kama watu wanaopita mbele ya duka la dhahabu, mikono nyuma. Magari yalikuwa yamesuguliwa mpaka unajiona meno. Wenyewe walishafungua viti vyao vya kukunja, kila mmoja anailinda rangi yake. Mvua ilipokolea wakaamua kuyasogeza chini ya paa, na hapo ndipo shughuli ilipoanza. Matatu yaliwaka. Mawili yakakohoa, yakasogea yakimisi kama mzee anayepanda mlima. La sita, Ford Mustang nyekundu ya mwaka 1966, likagoma kabisa. Starta inazunguka, injini haijibu.

Mwenyewe ni mzee wa Kitwe, Zambia, mstaafu wa migodi ya shaba. Nikamwendea, na kwa kuwa sikuwa na uhakika nani mkubwa, nikampa shikamoo. Akaniitikia, "Jambo sana." Kiswahili chake ni kile cha kule mpakani na Kongo. Akanyoosha kidole kwenye boneti, "Mutoka iko mugonjwa, ndugu. Maji imeingia kwa kichwa." Sijawahi kusikia fundi akieleza tatizo la distribyuta vizuri kuliko hivyo.

Vijana wa siku hizi distribyuta hawaijui, kwa hiyo nieleze kidogo. Ni kopo lenye kifuniko cha plastiki ngumu. Katikati unaingia waya mmoja mnene kutoka kwenye koili, kifaa kinachoukuza umeme wa betri, na pembeni zinatoka nyaya za plagi, moja kwa kila silinda. Humo ndani mna kidole kinachozunguka na kugawa umeme kwa zamu. Umeme wenyewe ni wa maelfu ya volti, na una tabia ya mbuzi: penye upenyo hapiti mlangoni. Kifuniko kikipata unyevu, cheche haziendi kwenye plagi, zinatambaa juu ya maji. Zamani kwenye Cortina na Peugeot za huku tulikuwa tunakata kipande cha tyubu ya baiskeli na kukivika distribyuta kama kofia tangu Novemba mpaka Mei. Mustang la watu lilikuwa halina kofia.

Pembeni yangu alikuwa kijana wa gereji ya jirani, hodari kweli, gari likiwasha taa ya hitilafu yeye anachomeka kompyuta yake na kukusomea kosa kabla hujamaliza kusalimia. Akainama, akatazama ile injini, akaniuliza, "Babu, hapa mashine inachomekwa wapi?" Nikamwambia leo mashine ni pua na vidole.

Nilimfanya aandike namba kwenye vipande vya plasta ya kidonda na kubandika kila waya kabla hatujachomoa chochote. Mzee wa Kitwe akatutajia mpangilio wa injini yake bila kusoma popote, kama mtu anayetaja wanawe: moja, tano, nne, mbili, sita, tatu, saba, nane. Tukakitoa kifuniko, kinatiririka maji. Nikakifuta kwa khanga kuukuu, nikakipeleka kwa mama anayeuza chai pembeni ya kituo, nikamwomba nikiweke kandokando ya jiko lake la mkaa. Akanitazama. "Baba, hicho nacho unakipika na nini?"

Kilipokauka ndipo nikauona ugonjwa wenyewe. Ndani, kati ya vichwa viwili vya shaba, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama alama ya penseli. Huo ni ufa ulioungua. Ukishatokea, hata ukikausha kifuniko mara mia, umeme utaikumbuka njia. Dawa yake ni kununua kipya, na kipya cha injini ya lita 4.7 ya Ford ya mwaka 1966 hakipo sokoni Mwanjelwa, nawahakikishia. Nikaazima kisu cha vitunguu, nikaukwangua ule mstari taratibu mpaka plastiki safi ikaonekana, nikabaki na mfereji mdogo. Halafu nikauliza kwa sauti ni binti gani ana rangi ya kucha.

Watu waliangua kicheko. Sikuwa natania. Rangi ya kucha ikikauka haipitishi umeme, na mafundi wa zamani tuliitumia barabarani tukiwa mbali na spea. Binti wa yule mama wa chai akatoa kichupa, rangi yenyewe nyekundu ya damu ya mzee. Nikaujaza ule mfereji, nikapuliza, nikaongeza mkono wa pili. Ikabidi tungoje. Mvua nayo ilikuwa haina haraka.

Ndipo tulipozungumza, na ndipo linapokuja kosa lenu la pili, neno "kifahari". Huku kwetu ukisema V8, yaani injini ya silinda nane, mtu anawaza Land Cruiser nyeupe yenye kioo cheusi, inapita katikati ya barabara na watu wanasogea pembeni. Vijana waliposikia kwamba yote sita ni V8 wakaanza kuulizana ni ya waziri gani. Mzee wa Kitwe akatikisa kichwa. Gari la aina yake lilipozinduliwa New York mwezi Aprili mwaka 1964, bei ya chini ilikuwa dola 2,368, na lililengwa vijana walioanza kazi juzi. Siku ya kwanza tu yaliagizwa takribani elfu ishirini na mbili. Na ile Pontiac ya kijivu iliyokuwa imeegeshwa mkabala, GTO, yeye akaiita mtoto wa ujanja. Kampuni kubwa iliyokuwa ikimiliki Pontiac, General Motors, ilikuwa imekataza kuweka injini ya zaidi ya inchi 330 za ujazo kwenye gari la umbo la kati. Wahandisi wa Pontiac wakachukua injini yao kubwa ya inchi 389, karibu lita 6.4, wakaitangaza kama nyongeza ambayo mteja anaweza kuichagua kwenye gari la kawaida. Sheria ilikuwa imekataza gari, haikutaja nyongeza. Walitarajia kuuza elfu tano, mwaka huo wa kwanza wakauza zaidi ya elfu thelathini na mbili.

Kwa hiyo ni magari ya mtu wa kiwandani, Mhariri. Injini ya bwana mkubwa kwenye mwili wa gari la mfanyakazi, na breki, samahani kwa kusema, za baiskeli. Mengi yao yalikuwa na breki za ngoma magurudumu yote manne. Breki za ngoma zikilowa hazishiki, au zinashika upande mmoja na kukuvuta mtaroni. Mzee alinisimulia alivyoteremka Mbalizi Ijumaa jioni kwenye mvua mguu ukiwa umegusa breki muda wote, kidogo tu, ili joto lizikaushe. Kila tuta kuanzia Vwawa lililamba tumbo la gari. Matuta yetu aliyaita jina ambalo sitaliandika kwenye gazeti la watu wenye familia.

Na mnajua yaliishaje hayo magari? Bima ya vijana ilipanda, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikaja, injini zikaanza kupunguzwa nguvu, halafu Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaifungia Marekani mafuta. Mzee alipofika hapo mimi nikadakia, kwa sababu hiyo sehemu ya hadithi naijua kwa upande wa huku. Shida hiyo hiyo ya mafuta ndiyo iliyotuletea marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili mchana. Wenye umri wangu wanakumbuka barabara ilivyokuwa kimya, watoto wanacheza kibao cha magurudumu katikati ya lami mpaka jioni. Tukabaki tumenyamaza, wazee wawili na vikombe vya chai, tukilifikiria pipa moja lile lile la mafuta lililowagonga watu wa Detroit, mji wa viwanda vya magari Marekani, na watu wa Mbeya. Kijana wa kompyuta akauliza kama na bodaboda nazo zilikatazwa. Nikamwambia mwanangu, bodaboda zilikuwa hazijazaliwa.

Rangi ya kucha ilikauka. Tukarudisha kifuniko, nyaya kwa namba zake, kijana akisoma, mimi nikisukuma. Nikakata glavu ya mpira aliyonipa mhudumu wa kituo, nikaivika juu, vidole vyake nikavipasua ili nyaya zipite. Mzee akaingia ndani. Hapo nikaona chini ya dashibodi, upande wa abiria, kuna kopo la Blue Band limejaa maji nusu. Ford hizi zina ugonjwa wa kuoza pale chini ya kioo cha mbele, mvua ikinyesha unaoga miguu. Dunia nzima wanalijua hilo. Tiba yake ni kuchana bodi na kuchomelea upya, yeye ameamua kopo.

Akapiga starta. Mara ya kwanza ikatema moshi. Mara ya pili ikashika.

Sijui niuelezeje ule mlio. Chini ya paa la bati, mvua juu, silinda nane zinapokezana, kifua kinatikisika kabla sikio halijasikia. Watoto walipiga kelele. Wazima walipiga kelele zaidi. Mama wa chai alisikiliza kwa makini, sufuria mkononi, akatoa hukumu: "Kumbe ndivyo linavyolia? Si mashine ya kusaga ile ya Igawilo." Na alisema kweli, likiwa limetulia bila kukanyagwa mafuta linanguruma kwa kuyumbayumba hivyo hivyo, kama mahindi yamepungua kwenye kinu.

Baada ya hapo hakuna gari lililobaki limefunga boneti. Nilivua vifuniko vingine viwili siku ile. Wenyewe walisahau rangi zao. Watoto walikaa kwenye viti vya mbele na magwanda ya shule yaliyolowa, wakauliza kwa nini kwenye magari mawili usukani uko upande wa utingo, wakajibiwa kwa Kiingereza, Kibemba na ishara. Mwanamume mmoja mwenye shamba la viazi aliingia chini ya gari jingine, Camaro, kwenye tope, kuangalia alichokuwa anabishania na rafiki yake, akatoka ana tope mpaka kwenye nyusi na jibu analo. Saa tisa mvua ikapungua, na ajabu ndipo watu walipoanza kuondoka.

Kosa la tatu ni la picha, nalimaliza haraka. Gari la njano mliloliandika "Chevrolet ya Kimarekani" lina nembo ya Chevrolet kweli, lakini Marekani haijalizaa. Ni Holden Monaro ya Australia, iliyounganishwa Afrika Kusini miaka ya mwanzo ya 1970 na kupewa jina la Chevrolet SS. Mwenyewe aliwaeleza watu hilo mara tatu, kwa fahari. Kama mwandishi wenu angekaa dakika kumi zaidi angelisikia. Naomba mrekebishe.

Jambo jingine nililotaka kusema linanihusu mwenyewe, na si zuri. Wakati tunaagana, mzee wa Kitwe aliniuliza ile Fiat nzuri kuliko zote iliyobaki Mafiati iko wapi, apige nayo picha. Alikuwa anazikumbuka tangu utoto wake, zikipita Kapiri Mposhi na trela nyuma, taa mchana kutwa kwa sababu ya vumbi. Nilikosa la kumjibu. Ya mwisho niliyoijua ilikaa nyuma ya gereji yetu miaka mingi, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Siku wanunuzi wa chuma chakavu walipokuja na mitungi ya gesi nilisimama nikatazama ikikatwa vipande, ikapimwa kwa kilo, na mgawo wangu nikapokea. Nilibakiza beji ya mbele na starta moja, basi. Mtu ametoka Kitwe na Mustang inayovuja, amevuka mpaka, amepasua matuta yote ya Songwe, halafu mimi wa Mafiati nina beji.

Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lako: kama kuna mtu Mbeya, Njombe, Makambako au Iringa ana Fiat ya enzi zile, hata kama ni kichwa tu, hata kama kuku wanataga humo, asiiuze kabla hajaniona. Nina mikono bado na kijana wa kompyuta ameshaniuliza tunaanza lini. Na yule mama wa chai alinunuliwa rangi ya kucha mpya ya bintiye, ile kuukuu mzee akaitumbukiza kwenye droo ya dashibodi, juu ya kopo lake.

Mwandishi wenu akitaka kuipiga picha ile beji na starta, namkaribisha nyumbani. Aulize Mafiati kwa fundi umeme mzee. Kama mvua itakuwa inanyesha, safari hii avue koti aingie ndani.

Fundi umeme mstaafu,
Mafiati, Mbeya